Kikundi cha Familia: Mama na Baba Wanakwenda Central Park

Rashidi: Wazazi shikamooni. Tiketi ziko tayari, tunaingia New York wiki ya kwanza ya mwezi wa tano inshallah. Dada Halima, orodha yangu ya Central Park hii hapa: bustani ya wanyama, ziwa, kasri, sanamu ya malaika, bustani ya maua, Strawberry Fields, kuvua samaki, halafu jioni makumbusho. Tunaweka siku moja.

Mama: Marahaba mwanangu. Siku moja? Goti langu unalijua.

Halima: Shikamoo Mama, shikamoo Baba. Rashidi, orodha yako ni nzuri ila siku moja haitoshi, na Mama hataifurahia hata kidogo. Bustani ina hekta 341. Inaanzia mtaa wa 59 hadi wa 110, kama kilomita 4 kwa urefu, na upana wake ni mita 800 hivi. Kwenye ramani utadhani unakata moja kwa moja, lakini njia za ndani zimepindishwa kwa makusudi. Walioichora, Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walishinda shindano la mwaka 1858, na nia yao ilikuwa mtu akishaingia asahau kabisa kwamba yuko mjini. Hata barabara nne za magari zinazokatiza bustani kutoka upande hadi upande wamezizamisha chini, magari yanapita na wewe uko juu kwenye majani, wala huyaoni.

Halima: Naomba tugawe. Asubuhi mbili, siku tofauti. Moja katikati, nyingine kaskazini. Kusini kule mtaa wa 59 tupite tu, ndiko kunakojaa watu.

Rukia: Wifi, nilitaka kuuliza magari. Huyu mdogo akishuka kwenye kigari chake anakimbia bila kuangalia.

Halima: Tangu Juni 2018 magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara za ndani. Zile nne za chini ndizo zenye magari, na mtoto hazifikii. Ila baiskeli, wifi! Barabara ya mzunguko ni kama kilomita 10, na waendesha baiskeli wanakuja kasi sana. Mkivuka hapo mshike mkono, hata kama taa inawaruhusu nyinyi.

Rashidi: Na zile baiskeli za kubeba abiria? Nimeona video, tungempakia Mama tukazunguka naye.

Halima: Zipo, na kwa goti la Mama si wazo baya. Lakini bei yao ni ya kila dakika, na imeandikwa kwenye baiskeli yenyewe. Wengi wanasoma ile namba wanadhani ndiyo nauli yote. Usimpandishe mtu kabla hujapatana jumla, dakika ngapi na dola ngapi, na saa ya simu yako uiwashe hapo hapo. Sisemi wote wana tamaa, wapo waungwana. Ila mgeni akishuka hana la kusema.

Baba: Mimi nimekaa kimya nasoma. Kuna mahali pa kucheza drafti?

Halima: Baba, pako! Panaitwa Chess & Checkers House, karibu na mtaa wa 64. Meza zimechorwa miraba kabisa, kivuli kipo juu. Beba kete zako zile za nyumbani uwe na uhakika. Watu wa pale hawaulizi unatoka wapi, wanaangalia unavyosogeza.

Baba: Basi mimi nimepangiwa. Nyinyi endeleeni.

Shangazi Mwanaidi: Kaka, hukusafiri maili zote hizo kwenda kukaa kwenye drafti.

Juma: Shangazi muache mzee. Dada Halima, mimi siji lakini nina ombi moja. Nipigie picha mahali New York Marathon inapomalizikia. Tegla Loroupe alishinda hapo 1994, mwanamke wa kwanza wa Afrika, akarudi 1995 akashinda tena.

Halima: Juma, umenikumbusha kitu. Mstari wa mwisho huwa upande wa magharibi, karibu na mtaa wa 67, Novemba ndipo unapowekwa. Mwezi wa tano utaona barabara tu na watu wanakimbia mazoezi. Nitakupigia picha ya kitu kingine, sanamu ya Fred Lebow, mwanzilishi mwenza wa mbio hizo, karibu na mtaa wa 90 mashariki. Amesimama anaangalia saa ya mkononi. Kila mwaka siku ya mbio wanaihamisha ile sanamu wanaipeleka kwenye mstari wa mwisho, halafu wanairudisha.

Juma: Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba mbio za kwanza za 1970 zilifanyika zote ndani ya bustani, watu 127 wakaanza, 55 wakamaliza.

Halima: Ndiyo, walizunguka humo humo mara kadhaa. Leo wanapita wilaya zote tano za mji.

Mama: Halima, hiyo asubuhi ya katikati tunaanzia wapi? Nisiwe napanda vilima.

Halima: Mama, hapa ndipo nina neno langu, na naomba mnisikilize kabla Rashidi hajaleta ramani yake. Tuanzie mtaa wa 85, upande wa magharibi. Treni ya chini ya ardhi, ile ya herufi C, inasimama mtaa wa 86, tunatoka tumeshafika. Watalii wengi hawaanzii hapo kwa sababu hapana jengo wala sanamu. Utaona nyasi, miti, miamba imechomoza, na vibao vya maelezo. Palikuwa na kijiji pale. Seneca Village.

Shangazi Mwanaidi: Kijiji ndani ya bustani?

Halima: Kabla ya bustani, shangazi. Mwaka 1825 kijana mmoja Mweusi anaitwa Andrew Williams alinunua viwanja vitatu pale kwa dola 125. Kanisa la AME Zion, kanisa la Weusi, likanunua vingine. Utumwa ulikuwa bado haujaisha New York, ulifutwa 1827. Watu wakajenga nyumba, makanisa yakafika matatu, shule ikawepo, makaburi yao yakawepo. Kufikia 1855 walikuwa kama 225, theluthi mbili Weusi, wengine wengi wao Waairishi waliokimbia njaa kwao.

Na kumiliki ardhi hakukuwa suala la kulala tu. Sheria ya jimbo ilimtaka mwanaume Mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura. Mzungu hakuwekewa sharti hilo. Kwa hiyo kile kiwanja kilikuwa ndiyo kura yake.

Shangazi Mwanaidi: Subhanallah. Wakaondolewaje?

Halima: Mji ulitwaa ardhi kwa sheria ya matumizi ya umma. Walilipwa, ila wengi walilalamika kwamba malipo hayalingani na thamani. Kufikia 1857 wote walikuwa wameondoka. Na magazeti ya wakati ule yalikuwa yameshawaandika kama wavamizi wa vibanda, na kumbe wengine walikuwa na hati zao mkononi! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jina lao likapotea zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 2011 wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale. Wakapata msingi wa nyumba ya mtu aliyeitwa William Godfrey Wilson, na ndani yake birika la chuma la chai. Wakapata na kiatu cha ngozi, kidogo. Ukiona picha ya lile birika, limeshika kutu lakini mdomo wake bado unaonekana vizuri, unajua kabisa kwamba hapa palipikwa chai, watu wakaamka asubuhi wakanywa. Sijui niseme nini. Kila nikipita pale napunguza mwendo.

Baba: Tutaanzia hapo.

Mama: Tutaanzia hapo. Makaburi je, yalihamishwa?

Halima: Mama, hakuna uthibitisho kwamba yote yalihamishwa. Wachimbaji wa 2011 waliepuka makusudi sehemu zile za makaburi wasizisumbue.

Mama: Allah awarehemu.

Rukia: Amina.

Rashidi: Amina. Dada, nimekuelewa. Baada ya hapo?

Halima: Tunateremka taratibu kusini. Benchi ni nyingi mno, Mama, kila hatua chache kuna pa kukaa, na nyingi zina kibao kidogo cha chuma chenye maneno ya mtu kumkumbuka mzazi wake au mwenzi wake. Mimi huwa navisoma. Tukifika mtaa wa 72 ndipo Bethesda. Ile chemchemi yenye malaika ilizinduliwa 1873, mchongaji ni mwanamke, Emma Stebbins, na malaika ameshika yungiyungi mkono mmoja. Ni shukrani ya maji safi ya mfereji wa Croton yaliyofika mjini 1842, baada ya mji kuteswa na kipindupindu. Msikimbilie picha ya malaika tu. Ingieni chini ya ule ukumbi wa ngazi, muangalie juu. Dari yote ni vigae vya rangi, maelfu. Mara nyingi kuna mtu anaimba humo kwa sababu sauti inazunguka vizuri.

Halima: Mashua za makasia ziko karibu na hapo. Strawberry Fields pia, lile duara la vijiwe lenye neno moja, la kumkumbuka mwanamuziki John Lennon. Ni dakika tano, watu wanapanga foleni kupiga picha. Tupite.

Rukia: Watoto nao? Naona ni historia na maua tu.

Halima: Watoto wana siku ya kaskazini, wifi, na wao ndio watakaofaidi zaidi. Harlem Meer, ziwa la juu kule mtaa wa 110. Kituo cha Dana kando ya ziwa kinaazima ndoano na chambo bure kuanzia masika hadi vuli. Nendeni na kitambulisho cha mtu mzima. Samaki akishikwa anatolewa taratibu anarudishwa majini, hiyo ndiyo sheria ya bustani nzima. Waambieni watoto mapema, wasije wakalia kwamba wamenyang'anywa.

Rashidi: Anarudishwa kweli? Mwanangu ataumia.

Halima: Mwache amshike kwanza kwa mikono iliyolowa, aone magamba, halafu amwachie yeye mwenyewe. Watoto wakiachia wenyewe hawalii.

Halima: Pale pale jirani, mtaa wa 105 upande wa Fifth Avenue, kuna Conservatory Garden. Bustani tatu kwa pamoja, ya Kiitaliano katikati, ya Kifaransa kaskazini, ya Kiingereza kusini. Baiskeli haziingii, kelele hakuna. Masika ile ya Kifaransa inajaa tulipu, maelfu kwa maelfu, na mwanzo wa mwezi wa tano kwa kawaida bado mtazikuta. Mama akae hapo na Shangazi tumpigie video. Lango lake la chuma lilitengenezwa Paris kwa ajili ya nyumba ya familia ya Vanderbilt, matajiri wa zamani wa New York.

Shangazi Mwanaidi: Video mimi naisubiri. Sikosi.

Juma: Na mkipotezana humo ndani? Simu zinaisha chaji.

Halima: Juma swali zuri. Wote someni hapa. Kila nguzo ya taa ina kibao kidogo chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni mtaa ulio karibu nawe. 72 ni mtaa wa 72. Ukiona 05 ni mtaa wa 105. Tarakimu ya mwisho ikigawanyika kwa mbili uko upande wa mashariki, isipogawanyika uko magharibi. Baba, ukitoka kwenye drafti usimuulize mtu, soma nguzo kisha nipigie unitajie namba. Nitakufuata.

Baba: 64, ya mwisho witiri, niko magharibi ya mtaa wa 64.

Halima: Ndivyo kabisa Baba.

Rukia: Nimeiandika kwenye karatasi, wakubwa wataivaa shingoni. Vyoo?

Halima: Vipo sehemu nyingi, ila si kila kona. Bethesda pana, Dana pana. Ukikiona kimoja, wapeleke wote. Na sweta msisahau, mwezi wa tano asubuhi bado kuna baridi ya kuuma masikio.

Mama: Basi nimeamua. Siku ya kufika na ya pili yake tunapumzika. Ya tatu Seneca na malaika. Halafu ya nne sitembei kabisa. Ya tano kaskazini na watoto. Bustani ya wanyama Rashidi uwapeleke wanao mwenyewe.

Rashidi: Sawa Mama. Nitakwenda nao saa ya kulishwa simba bahari.

Halima: Sawa Mama. Nimeshaomba ruhusa kazini siku zote mbili.