Forester ya turbo: bousti ilifika 1.4, sasa moteri inatetemeka. Nifungue?

Ndosho_G (Goma)
Jambo wakubwa. Forester ya turbo, moteri EJ205. Ikipanda mlima, geji ya bousti (presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye moteri) ilifika baa 1.4 wakati kawaida haipiti 0.8. Ikakata nguvu ghafla, taa ya moteri ikawaka. Sasa inatetemeka ikisimama, na kizibo cha oili ukikifungua moshi unasukumwa nje. Kompresio (presha ya kukandamiza ndani ya silinda, kwa baa): 9.2, 9.0, 9.1, na silinda ya 4 ni 7.4. Mwenye gari anataka turbo nyingine tu. Mimi naona hata zile tatu ziko chini. Moteri yote imekwisha?

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Ndugu, usiihukumu kwa namba za pwani. Goma iko karibu mita 1,500, hewa yenyewe ni baa 0.85 hivi badala ya 1.01. Moteri inayosoma 11 Mombasa itasoma 9 na kitu hapo kwako. Tatu ni nzima. Ya 4 iko chini kwa asilimia 20 hivi, shida iko hapo.
Rudia ili uwe na hakika: moteri ya moto, betri imejaa, bujii (plagi za cheche) zote nne nje, fyuzi ya pampu ya petroli na soketi za nyaya za koili zimetolewa, pedali ya gesi imekanyagwa mpaka chini, mizunguko sita kila silinda. Watu husahau pedali kisha wanalaumu ringi za pistoni.

Katuba_Boksa (Lubumbashi)
Usimwage oili ndani kujaribu ringi! Silinda za moteri hii zimelala. Oili inatulia chini, juu panabaki pakavu, jibu linakudanganya. Pima kwa hewa. Pistoni ya 4 iwe mwisho wa kukandamiza, zuia kranki isizunguke, ingiza baa 6 kwenye tundu la bujii kupitia geji mbili, moja ya hewa inayoingia, moja ya inayobaki. Ikipotea chini ya asilimia 10, sawa. Ikipita 20, sikiliza inakovuma: kizibo cha oili ni pistoni au ringi, ekzosi ni valvu ya kutoa, njia ya hewa ni valvu ya kuingiza, mapovu radietani ni gasketi ya silinda hedi.
Bujii ya 4 itazame kwa kioo cha kukuza. Vidoa vyeusi kama pilipili manga kwenye kigae cheupe: petroli ilikuwa inajilipukia. Vitone vinavyong'aa: alumini ya pistoni.

Ndosho_G
Vidoa vipo, na kitone kimoja kinang'aa. Asilimia 38 inapotea, inavuma kwenye kizibo cha oili.

Katuba_Boksa
Fungua. Ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili umepasuka; EJ huvunjika hapo, na namba 4 hutangulia mara nyingi. Kata filta ya oili, kunjua karatasi, tafuta vipande vya chuma. Sumaku pekee haitoshi, alumini haivutwi.

Fundi_Kadutu
Na mwenye gari aambiwe: turbo mpya bila kupata sababu ya bousti kupanda hivyo itaua pistoni mpya pia. Kagua mpira mwembamba unaotoka turbo kwenda westigeti (mlango unaopunguza bousti), upinde uone nyufa. Ukichomoka, westigeti haipati presha, haifunguki. Ipime kwa pampu ya mkono yenye geji: mkono wake usogee taratibu na urudi bila kukwama. Ukibadilisha mpira, hamisha kile kichuma kidogo chenye kitobo kilichomo ndani. Bila hicho bousti itakuwa chini na utaanza kutafuta shida nyingine. Shafti ya turbo ikicheza mbele-nyuma, au pangaboi likigusa ukuta, ndipo uibadilishe. Osha intakula (kipoza hewa ya turbo) na kipoza oili kabla ya kufunga. Petroli ya Kadhafi (wale wauzaji wa kando ya barabara) wasiweke tena humo.