Tupeane uzoefu: Pattaya kipindi cha mvua, na namna ya kuondoka bila kupigwa pesa

Mfunga Mzigo:

Wakuu, kwema?

Wengi wetu tunaokwenda Bangkok, Thailand, kufunga mzigo wa nguo soko la Pratunam tunapenda kumalizia mji wa pwani wa Pattaya kupumzisha kichwa, maana ni kama saa mbili tu kwa barabara. Wanaokwenda kati ya Mei na Oktoba wanavutwa na bei. Chumba kinachotafutwa kwa tochi Desemba, Septemba unakaa na mtu wa mapokezi mnaongea mpaka anashuka.

Lakini kuna upande wa pili. Watalii wakipungua, mwenye boti, mkodisha pikipiki na dalali wa ufukweni bado wana kodi na marejesho ya kulipa. Ufukwe ukiwa na watu kumi badala ya mia tano, wote wanakuita wewe. Mwafrika mwenye begi mgongoni anaonekana tangu mbali.

Naanza na usafiri, kwa kuwa ndipo mgeni anapopigwa saa ya kwanza tu. Daladala za kule ni pikapu za bluu zenye mabenchi mawili nyuma, wenyewe wanaziita songthaew. Beach Road zinashuka kusini, Second Road zinapandisha kaskazini. Unasimamisha iliyo kwenye mwendo, unapanda kimya, ukifika unabonyeza kengele ya juu, unashuka, unamlipa dereva dirishani. Mimi nililipa baht 10, pesa ya kule, kila mara. Ukianza kwa kuuliza "bei gani mpaka Walking Street?", yaani ule mtaa wa starehe za usiku, umeshamwambia kwamba unakodi gari zima, naye atakutajia 200 bila kupepesa macho. Ukipanda iliyoegeshwa tupu, hali ni hiyo hiyo. Uwe na sarafu za kumikumi mfukoni, kwa sababu noti ya 500 kwa nauli ya 10 inaanzisha maneno.

Kwa safari za mbali nilitumia Bolt, ile ile tunayotumia Dar. Bei unaiona kabla ya kupanda.

Mwenye kisa akilete. Taja kiasi na ulivyojinasua, ili mwingine ajue pa kusimamia.

Bin Likoni:

Ndugu zangu, mimi nawaletea habari ya pikipiki za majini, jeti-ski, maana hapo ndipo pesa kubwa inapopotea.

Tulikwenda na shemeji yangu, yeye ndiye aliyetaka kuendesha. Nikamwambia hatukodi mpaka chombo kivutwe mchangani nikione tumboni. Kijana wa kwanza alikataa katakata, tukaenda zetu. Wa pili alinuna lakini akakivuta. Nikawasha video, nikamulika pua, ubavu mmoja hadi mwingine, kisha chini. Michubuko yote ya zamani ilikuwa chini ya mstari wa maji. Chombo kikielea huoni hata mmoja, na huko ndiko mchezo ulipo: unaondoka nacho majini, unarudi, wanakivuta juu na kukuonyesha mikwaruzo "uliyoifanya".

Na kweli, shemeji aliporudi jamaa aliinama akaweka kidole kwenye mchubuko. Nikamwonyesha video, mchubuko ule ule, na saa inasomeka. Alinyamaza akakunja kamba yake. Tukalipa nusu saa tuliyopatana, basi.

Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na mtalii peke yake, kazungukwa na wanaume watano. Wanamdai baht 40,000, hiyo ni zaidi ya laki moja u nusu za Kenya, na pasipoti yake imo kwenye sanduku lao. Nikampigia 1155, polisi wa watalii. Wanapokea simu kwa Kiingereza. Walikuja, mazungumzo yakawa marefu, wakashusha hadi 8,000, akalipa. Picha hakuwa nayo hata moja, kwa hivyo hata polisi walikuwa hawana cha kumsimamia nacho. Niliumia sana kumtazama akihesabu noti zile.

Dada wa Sinza:

Asante kaka Bin Likoni, hapo kwenye pasipoti naomba nikazie.

Karibu kila duka la kukodisha skuta watakuomba pasipoti kama dhamana. Msitoe. Mimi nilizunguka hadi nikapata duka linalokubali fedha taslimu pamoja na nakala. Lilinigharimu asubuhi nzima na lilistahili. Pasipoti ikiwa kwao, kila mgogoro unaanza ukiwa umeshashindwa: wakisema taa imevunjika, utalipa taa, kwa sababu ndege haikungoji.

Kuna na hili, nililisikia kwa mwenyeji aliyenipangisha chumba. Skuta inaegeshwa usiku, asubuhi haipo. Aliyeichukua ana ufunguo wa akiba. Kisha unadaiwa bei ya skuta nzima. Huyo mama alinipa kufuli lake mwenyewe nifunge gurudumu, na akaniambia nisimwandikie mkodishaji jina la mahali ninapolala. Mnaona, Wathai wenyewe hawapendi mambo haya, ukiwauliza wanakueleza.

Na leseni: muwe na ya kimataifa inayotaja pikipiki. Bila hiyo polisi wakikusimamisha ni faini halali kabisa, wala msiite utapeli. Baya zaidi, ukianguka kwenye barabara iliyolowa, bima ya safari ina sababu ya kukataa kulipa hospitali. Mvua kubwa ikinyesha mitaa kama Soi Buakhao hujaa maji na huoni shimo liko wapi. Kwa kweli msimu huo mimi singemshauri mtu akodi kabisa.

Mtoto wa Ruwi:

Assalaamu alaykum. Sisi wa Maskati tuna ndege za moja kwa moja, kwa hiyo kaka zangu wengi huenda wakati huu kukimbia joto.

La kwanza ni kabla ya kuondoka nyumbani. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni anajaza kadi ya kuingilia kwa mtandao, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Ukiitafuta bila uangalifu utaletewa tovuti zenye bendera na nembo zinazokudai dola. Ya serikali inaishia na immigration.go.th, nyingine zote zifunge. Mjomba wangu alikuwa ameshaweka namba ya kadi ya benki ndipo binti yake akamshika mkono.

La pili ni chakula. Kusini ya mji, karibu na Walking Street, iko migahawa ya Kiarabu na ya Kihindi, halali inapatikana kwa raha. Lakini kwenye samaki hai wa kuchagua majini, someni ubao vizuri. Bei iliyoandikwa kwa maandishi makubwa mara nyingi ni ya gramu 100, siyo ya kilo wala ya sahani. Kaa wa gramu 800 ni mara nane. Mwambieni amweke kwenye mizani mbele yenu, aandike jumla kwenye karatasi, ndipo aende jikoni. Mgahawa mwema hauoni tabu.

Mwana Kigoma:

ATM za kule zinakata baht 220 au zaidi kila unapotoa kwa kadi ya nje, kwa hiyo toa kiasi kikubwa mara moja. Mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa shilingi au dola, kataa, chagua baht. Ukikubali unapewa kiwango chao kibovu juu ya makato. Dola safi zisizochanika kwenye vibanda vya mjini zinapata kiwango kizuri kuliko uwanja wa ndege.

Dada wa Sinza:

Nimesahau vile vikadi vya kukwangua. Kijana mwenye tabasamu anakusimamisha, unakwangua, umeshinda zawadi kubwa. Zawadi inachukuliwa "ofisini", na ofisini unakalishwa masaa unauziwa hisa za kukaa hotelini kwa miaka ijayo. Msimu wa mvua wanakuwa wengi kwa kuwa wateja hawapo. Mimi hujibu kwa kutikisa kichwa na kuendelea kutembea, sisimami hata kusalimia, ingawa kwetu kumpita mtu bila salamu ni uzito.

Mfunga Mzigo:

Nashukuru sana wadau. Kuna jambo moja nataka lisomwe na vijana hasa.

Ukiwa Pattaya umekaa zako, anaweza kuja Mwafrika mwenzako, anaongea Kiswahili safi, anakuambia kuna kazi ya huduma kwa wateja, mshahara wa dola, ofisi iko kaskazini, nauli analipa tajiri. Msikubali kupanda gari hilo. Njia inaishia Mae Sot, mpakani na Myanmar, na ukishavushwa mto upo kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni, simu na pasipoti zimechukuliwa. Siyo hadithi ya kutishana. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye makambi hayo, wakiwemo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Aliyenifuata mimi alinikuta nakunywa chai, akajua hadi soko ninalouzia nguo. Nilimuuliza jina la kampuni na anwani, akabadilisha mada. Nikahama hoteli jioni hiyo hiyo.

Ukipoteza skuta utalia ukafanya kazi ukalipa. Hili la Mae Sot familia zinauza viwanja kumrudisha mtoto.

Mama Wawili:

Poleni na hongereni kwa elimu. Sisi tunaenda Septemba na watoto. Tunataka kwenda kile kisiwa cha Koh Larn. Kuna mtu mtandaoni ananiuzia safari ya boti ya kasi, anataka nilipe yote sasa. Nilipe?

Mfunga Mzigo:

Mama, usilipe. Nenda mwenyewe gati ya Bali Hai, kusini mwa mji. Kuna feri kubwa ya abiria, mimi nililipa baht 30 kwenda, na wenyeji ndiyo wanayopanda. Ukiwa unaelekea gatini watakuambia feri imeondoka au leo haipo, panda boti ya kasi. Pita, tembea hadi mwisho ambako feri zinafunga, utaikuta. Uangalie na saa ya feri ya mwisho ya kurudi kabla hujashuka kisiwani, kwa kuwa aliyeachwa ndiye anayelipa boti ya kasi bei yoyote.

Septemba bahari inaweza kuchafuka ghafla. Aliyechukua pesa yako ya boti atakuambia subiri kesho, na kesho kutwa wewe uko uwanja wa ndege. Kama ni lazima mpande boti ya kasi kwa ajili ya watoto, lipeni asubuhi ile ile mkishaiona bahari, na risiti iandikwe kwamba ikishindikana kuondoka pesa inarudi. Makoti ya kuokolea ya watoto yavalishwe gatini, siyo mkiwa katikati ya maji. Kama hawana saizi za watoto, pandeni feri.