Kanzu nyeupe, buibui jeusi: nipime vipi mwanga?

Mkunazini
Assalaam alaykum. Nna kazi ya harusi: nikaha msikitini, kisha picha vichochoroni Mji Mkongwe saa nne asubuhi. Kamera ikipima fremu nzima, kanzu zikijaa hutoka za kijivu. Mabuibui yakijaa, nyuso zinaungua (zinakuwa nyeupe tupu). Nitumie upimaji wa nukta (kamera ipime sehemu ndogo tu ya fremu) au ninunue kipima mwanga cha mkononi?

Fundi wa Ng'ambo
Waalaykum salaam. Kamera si mbovu. Chochote kilicho mbele yake hukichukulia kuwa kijivu cha wastani, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Kanzu hurudisha zaidi, basi kamera inapunguza mwanga. Buibui hunyonya, basi inaongeza.

Weka modi ya M (unapanga mwanga mwenyewe), upimaji wa nukta. Lenga kanzu pale mwanga unapoipiga, si kwenye mkunjo wenye kivuli, uzungushe spidi ya shata mpaka mizani ya mwanga ya kamera isome +1⅔, yaani stopu 1⅔ juu ya wastani (stopu moja ni mwanga mara mbili). Kwa JPEG (faili ambalo kamera imeshalibana) ishia +1⅓, maana nakshi za shingoni zikishaungua hazirudi. Halafu usiguse kitu mpaka mwanga ubadilike. Tena soma kitabu cha kamera yako: Nikon nyingi nukta hufuata pointi ya fokasi, Canon nyingi hubaki katikati. Hapo ndipo mtu anapopima ukuta akidhani kapima kanzu.

Mtu wa Wete
Sawa, lakini kichochoroni usipime kanzu iliyo juani na uso uko kivulini, yakhe. Tofauti hufika stopu 3 au zaidi. Waingize wote kivulini kwanza. Ukibanwa na wakati, pima kiganja chako kwenye mwanga uleule unaowapiga, uongeze stopu 1. Viganja havipishani rangi kama nyuso. Uso mweusi ukiupima wenyewe, punguza kama stopu 1, la sivyo unapauka.

Fundi wa Ng'ambo
Hilo la kiganja zuri. Cha mkononi hakibabaishwi na rangi ya nguo, kwani kinapima mwanga unaomwangukia mtu: unakiweka usoni pake, kuba jeupe likielekea kamera. Faida yake kubwa ni ukumbini usiku, ukiwa na flashi mbili tatu. Kwa nikaha hakuna atakayekuachia upitepite mbele ya masheikh. Usinunue kwa kazi hii.

Mkunazini
Ahsanteni. Na akikaa bwana harusi dirisha likiwa nyuma yake?

Mtu wa Wete
Liache dirisha liungue. Pima kanzu upande unaokutazama wewe, +1⅓, au hamia ubavuni dirisha litoke kwenye fremu.