"Umeme ni umeme tu, bosi": fundi huyu nusura atuunguzie boti tukiwa ndani

Waungwana, mimi si mtu wa kufungua mada jukwaani. Kazi yangu humu ni kusoma na kupita. Leo nimeshindwa. Siku ya nne hii boti yangu imelala mchangani hapa Sahare, Tanga, na fundi aliyeifikisha hapo, jana kanipigia simu ananidai elfu arobaini "iliyobaki". Iliyobaki ya nini?

Boti ni ya faiba, futi 24, mashine ya nguvu farasi 15. Navua mshipi usiku mimi na mpwa wangu. Nilichotaka ni kidogo: taa nyekundu na kijani omo, yaani mbele, nyeupe juu ya mti mfupi huku tezi, yaani nyuma, na taa nne za kazi za LED, wati 18 kila moja, zimulike mbele tunakovutia. Betri moja ya volti 12. Basi. Nikaelekezwa kwa fundi wa umeme wa magari, anasifiwa mtaa mzima. Ufundi laki na nusu, vifaa juu yangu. Nikatanguliza laki na kumi.

Siku ya kwanza kavuta waya mmoja tu, wa moto (chanya), mpaka omo. Ethi, ile njia ya umeme kurudi betrini, kaifunga kwenye pete ya chuma ya kamba ya nanga. Kabonyeza swichi, kimya. Kabonyeza tena, kimya. Kachukua msasa, kakwangua ile pete mpaka ikang'aa, kabonyeza, kimya! Mimi nimesimama namwangalia. Kwenye gari bodi nzima ni chuma, ndiyo ethi yako, popote ukifunga inarudi kwenye betri. Faiba ni plastiki na nyuzi za kioo, umeme utarudi kupitia wapi? Nikamwambia, fundi, huku hakuna bodi. Akanitazama kama nimemtukana. "Bosi, umeme ni umeme tu."

Hapo ndipo ningempa nauli aende zake. Sikumpa. Hilo kosa langu, msinikumbushe.

Akarudi kesho yake na waya mwingine, akaupitisha chini ya mbao za sakafu. Hela ya waya wa milimita 4 alichukua kwangu, nimempa mkononi. Alichoweka, nimekuja kukiona juzi baada ya kung'oa mbao, ni ule wa spika, mwekundu na mweusi ulioshikana, milimita 0.75. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Wati 72 gawanya kwa 12 ni ampea 6. Betri mpaka omo mita 7, kwenda na kurudi 14. Waya mwembamba namna ile unakula karibu volti 2 njiani. Betri inatoa 12.4, taa zinapata 10 na kidogo. Ndiyo maana zilikuwa hafifu kama kibatari na yeye akasema betri yangu mbovu! Nikaenda kununua betri nyingine, jamani. Betri mpya, hela ya mkopo, na taa bado kibatari.

Viungo vyote kavisokota kwa vidole na kuvizungushia tepu nyeusi. Viwili vimelala kwenye ngama, chini kabisa tumboni mwa boti, mahali ambapo hata boti ikiwa nzima maji hayakosekani. Maji ya chumvi yakigusa waya wa moto yanaula haraka kuliko mnavyodhani. Nilipofungua tepu, shaba imegeuka unga wa kijani, na ule ukijani umepanda ndani ya ganda la waya, nimekata shubiri nzima bado sijafika penye shaba safi. Ile ethi nayo kaibana kwenye bolti ya kushikia mashine, shaba juu ya alumini, nje kabisa mawimbi yanapopiga. Miezi miwili tu pale pana unga mweupe na shimo dogo linaloingia ncha ya msumari. Mashine yangu!

Hayo yote ningeyameza. Usiku wenyewe sasa.

Giza la mwezi, tuko nje ya kisiwa cha Ulenge, upande ule wenye mnara wa taa. Mpwa wangu ananiambia, mjomba, kuna kitu kinanuka. Nikadhani ni mashine. Nikageuka, naona moshi unatoka kati ya mbao, na chini yake waya umekuwa mwekundu kama kaa la jiko. Umepita ubavuni mwa dumu la petroli la lita 20. Ganda linadondoka matone yanayowaka. Kijana kajaribu kuuvuta kwa mkono, vidole viwili vikababuka. Mimi nimechukua kisu cha samaki nikaukata pale pale betrini, cheche zikaruka mpaka kwenye ndevu.

Sababu? Alitoboa taruma, ile mbavu ya mbao ya boti, akapitisha waya kwenye tundu tupu, bila mpira wowote wa kuulinda. Mashine inatetema kila siku, ukingo wa mbao unasaga, ganda likaisha, moto na ethi vikakutana. Na fyuzi hakuna. Hata moja! Watu wanasema volti 12 haiui. Kukurusha haikurushi, sawa, lakini betri ya gari ikikutana ncha kwa ncha inamwaga mamia ya ampea. Fyuzi ya ampea 10, isizidi shubiri moja kutoka kwenye betri, ingekatika kabla hata sijasikia harufu. Fyuzi, kitu cha bei ya maandazi.

Tukabaki gizani kabisa. Boti ya dagaa inakuja na mataa yake, sisi tunapunga tochi ya simu. Ilipita karibu, nasikia watu wake wanavyotutukana. Na wana haki.

Bado kuna moja. Asubuhi ufukweni nahodha mmoja mtu mzima ananiuliza, "Wewe mwanangu, wiki ile mbona ulikuwa unanijia kinyumenyume?" Sikuelewa. Nikaenda kutazama. Taa nyekundu iko kulia, kijani kushoto, wakati inatakiwa kinyume chake. Fundi alifunga akiwa amesimama omo anatazama tezi, kwa hiyo kushoto kwake ndiyo kulia kwa boti. Miezi miwili natembea baharini nikionekana naenda nisikokwenda, na hii ni njia ya meli zinazoingia Tanga.

NYONGEZA: nimesoma majibu. Mnaosema ningeweka taa moja nyeupe tu yaishe: sheria za kuzuia migongano baharini za 1972 zinaruhusu hivyo kwa chombo cha injini kilicho chini ya mita 7 na kisichozidi mwendo wa noti 7. Futi 24 ni mita 7.3, nimepita. Anayesema nimshtaki, nishtaki na risiti ipi? Aliniandikia kwenye karatasi ya sigara.

Mpwa wangu anaendelea vizuri, ahsanteni.

Ndugu mmoja anayehudumia boti za watalii Unguja kaniambia nitafute waya ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati, ukiukata ndani ni mweupe kama fedha, milimita 4, na kila waya unaoingia kwenye taa niuache ushuke kidogo kwanza ndipo upande, maji yadondokee pale. Nimezunguka maduka matatu mjini, wote wananionyesha waya wa nyumba. Anayejua wanapouza kwa mita, Tanga au hata Dar, aandike hapa chini. Roli zima sina uwezo nalo, hela imeishia kwenye betri.