Naomba ushauri: kodi ya nyumba imepandishwa hapa Saint Paul, nikate rufaa?

Habari zenu ndugu zangu. Nawaomba hasa mlioko Minnesota.

Nimepokea barua kwamba kodi yangu itapanda kutoka dola 1,250 hadi 1,340 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya asilimia 7. Sheria ya jiji tuliyoipigia kura Novemba 2021 inaweka ukomo wa asilimia 3 kwa miezi 12, kwa hiyo nilitarajia isizidi 1,287. Mwenye nyumba anasema ameomba jiji limruhusu kuvuka ukomo huo kwa sababu kodi ya majengo anayolipa yeye imepanda. Kumbe mpaka asilimia 8 anaweza kujithibitishia mwenyewe kwa kujaza fomu tu! Hilo limeniuma, maana mashine ya kupasha joto ilikufa Januari, tukalala na makoti siku nne, mimi na watoto. Picha ninazo, na ujumbe wote niliomtumia ninao.

Jengo ni la zamani sana, halimo kwenye yale mapya yaliyoondolewa kwenye sheria.

Najua mpangaji anaruhusiwa kukata rufaa. Aliyewahi kufanya hivyo anieleze: ulipeleka ushahidi gani? Hitilafu za matengenezo zinasikilizwa, au wanaangalia hesabu za mapato yake tu? Wakati nasubiri uamuzi, nilipe kiasi kipi nisije nikafunguliwa kesi ya kuhamishwa? Na majirani watatu wamepata barua kama yangu. Twende pamoja au kila mtu na yake?

Mkataba unaisha mwezi ujao. Nitashukuru sana.