Tangi la kwanza la samaki wa maji chumvi kwa shilingi laki tatu, Mtwara

Binti Shangani, Mtwara

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Ninaishi Shangani, mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu hadi ufukweni, na kwa zaidi ya mwaka sasa nimekuwa nikitamani kuwa na tangi la samaki wa baharini sebuleni kwangu. Nilipokuwa nikisoma Morogoro nilifuga samaki wa maji baridi katika tangi la lita 40, kwa hiyo kubadilisha maji na kusuuza kichujio si mambo mageni kwangu. Kinachonitatiza ni gharama. Maelezo mengi niliyoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, nao wanataja hita, chumvi ya kopo, mtambo wa kuchuja maji ya bomba na taa maalumu, vitu ambavyo bei yake na nauli ya kuvileta huku siimudu hata kidogo. Nina shilingi 300,000, na sitaweza kuongeza chochote mpaka korosho za nyumbani ziuzwe.

Naomba kujua kama maji ya bahari ya hapa yanafaa kutumika moja kwa moja, mawe nitayapata wapi bila kuharibu miamba, na samaki gani ninaoweza kuanza nao. Nasema hivi kwa sababu mwezi uliopita nilipewa samaki wawili wadogo waliookotwa kwenye vidimbwi vya maji kupwa, nikawaweka kwenye beseni kubwa lenye maji ya bahari na pampu ya hewa. Asubuhi ya siku ya tatu niliwakuta wamelala ubavu, mashavu yamefunguka na mekundu mno, ilhali maji yalikuwa meupe na hayana harufu yoyote. Jambo hilo liliniumiza, na sitaki kulirudia.

Mzee wa Mikindani

Marahaba, binti yangu. Nimefuga samaki wa baharini kwa miaka kumi na moja katika nyumba yangu hapa Mikindani, na wa kwanza walikufa kama hao wako.

Nielewavyo mimi, samaki wako hawakuuawa na maji ya bahari. Walilewa amonia waliyoitoa wenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake muda wote anaoishi, na masalio ya chakula yakioza huongeza nyingine. Baharini haina madhara kwa kuwa maji ni mengi na wapo bakteria wanaoila, lakini kwenye beseni jipya bakteria hao ni wachache mno. Isitoshe, maji ya bahari yana pH (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji) ya 8 na zaidi kidogo, na katika hali hiyo amonia huwa kali kuliko ilivyo katika maji mengi ya mtoni. Huioni wala huinusi, ndiyo maana maji yalikuwa meupe.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote kingine, agiza kutoka Dar es Salaam kipimo cha amonia na nitriti kile cha matone, pamoja na kipima chumvi cha kuelea. Vitakuja na basi kama kifurushi. Hapo ndipo fedha yako inapopaswa kutangulia. Hita huihitaji, kwa kuwa joto la hapa linawatosha samaki wa kwetu, na chumvi ya kopo huihitaji kwa sababu bahari iko mlangoni pako.

Ukishajaza tangi na kuweka mawe, usiweke samaki. Weka kipande cha kamba wa baharini, kikiwa kibichi, ukubwa wa ncha ya kidole, ukiache kioze humo huku pampu ikifanya kazi. Chukua maji kidogo kwenye kichupa cha kipimo kila baada ya siku mbili, tia matone, tikisa na usubiri. Siku za mwanzo rangi itakuwa ya njano, kisha itageuka kijani, na kijani hicho kitakolea mpaka uogope. Usiogope, wala usimwage maji. Wapo bakteria wanaobadili amonia kuwa nitriti, na wengine wanaobadili nitriti kuwa nitrati isiyo na makali kama hizo mbili. Wote wanakua taratibu juu ya mawe yako. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita, na pengine hupungua kidogo kwa joto letu. Siku utakayopima mara mbili mfululizo ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, ndipo tangi limekuwa makazi.

Kuhusu kuchota, nenda wakati maji yanajaa, yakaribie kufika mwisho. Maji ya kupwa yaliyosimama karibu na ufukwe huwa ya moto na yamebeba uchafu wa nchi kavu, lakini maji yanayojaa yanatoka nje. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa mno, huku kwetu hujaa alasiri kuelekea jioni, na tena alfajiri, saa ambazo mtu anaweza kwenda bila kukosa kazi. Kaa mbali na bandari, mifereji ya mitaani na midomo ya mito, na usichote siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Kipima chumvi kikisoma kati ya 1.023 na 1.025, chukua. Tangi la lita 100 ni madumu matano tu ya lita 20. Madumu yawe mapya au yaliyokuwa na maji ya kunywa, na kamwe yasiwe yaliyowahi kubeba mafuta ya taa hata kama yameoshwa mara mia. Chuja kwa kitambaa cha pamba kisicho na sabuni, kisha yaache kwenye pipa lenye mfuniko kwa siku chache ili tope litulie.

Fundi Vioo, Chikongola

Naongezea la tangi lenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Dada, agiza tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40. Ukilijaza ukabakiza sentimita tano juu, unapata lita 98. Kioo cha milimita 6 kinatosha endapo fundi ataweka pia vipande vya kioo vya kushikilia kingo za juu. Asipoviweka, dai cha milimita 8. Silikoni iwe ile inayotoa harufu ya siki inapokauka, na isiwe ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Ikauke siku saba kamili. Kisha lijaze maji ya bomba nje ya nyumba na uliache siku mbili, uone kama linavuja.

Msilipuuze suala la uzito. Maji, mawe na kioo kwa pamoja vitazidi kilo 130, na meza ya kawaida ya televisheni itapinda. Panga matofali ya saruji, juu yake weka ubao mzito ulionyooka, na juu ya ubao utandike godoro jembamba la sponji ili kioo kikae sawasawa. Stendi ya namna hiyo nimewatengenezea wateja wawili, na haijawahi kunirudia kwa malalamiko.

Mwalimu wa Baiolojia, Lindi

Nashukuru kwa maelezo ya waliotangulia. Nitasema zaidi kuhusu mawe na samaki, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi wanapoidhuru bahari bila kukusudia.

Usivunje wala usiokote matumbawe, yawe hai au yaliyokufa. Yale yaliyokufa bado ni nyumba ya viumbe wengi, na miamba ya pwani hii ya kusini imekwisha kuumizwa vya kutosha na baruti pamoja na uchomaji wa chokaa. Aidha, ukienda upande wa Msimbati unaingia katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 chini ya sheria ya mwaka 1994 ya hifadhi za bahari, na humo huruhusiwi kujichukulia unachotaka. Kwa samaki utakaowachukua mahali pengine, muulize kwanza afisa uvuvi wa eneo lako na uzungumze na BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa ufukwe husika. Mazungumzo hayo hayakugharimu kitu, na wavuvi wakishakujua watakusaidia kwa mengi.

Mawe yapo nchi kavu. Pwani yetu imekalia matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba maelfu ya miaka iliyopita, na ndiyo mawe yaliyojenga nyumba za zamani za Mikindani na Kilwa. Mahali yanapochimbwa kwa ajili ya ujenzi, omba vipande vya kilo 12 hadi 15, uchague vyenye matundu mengi na vilivyo vyepesi mkononi. Dondoshea jiwe tone la ndimu au siki. Likichemka na kutoa vipovu vidogo, hilo ni jiwe la chokaa halisi, na litasaidia pH ya maji yako isishuke. Usichukue vifusi vya nyumba ya kale, kwa sababu huwa vimeshikana na lipu, na nyumba zenyewe zinastahili kubaki. Sugua mawe kwa brashi bila sabuni na uyaloweke wiki nzima kwenye maji ya bahari, ukiyabadilisha mara mbili. Mchanga usiweke kabisa katika tangi la kwanza. Sakafu tupu ni rahisi kusafisha, na huna sababu ya kubeba mchanga wa ufukweni.

Kuhusu samaki, ningependa uanze na wawili tu, na usizidi watatu wa urefu usiozidi sentimita tano kwa lita hizo 100. Wale wadogo wenye mistari wanaokulia kwenye vidimbwi vya kupwa ni wavumilivu, kwa kuwa wamezoea maji yanayopata moto mchana na kupoa usiku, ingawa baadhi yao hukua na itakubidi uwarudishe walikotoka. Ongeza kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, maana watakula masalio. Kipepeo ni mzuri mno machoni, lakini wengi wa jamii yake hula matumbawe hai, na ndani ya tangi hufa kwa njaa huku chakula kikielea mbele yao. Kangaja anahitaji nafasi ya kuogelea ambayo huna. Bunju huwatafuna mapezi wenzake, mkunga huwameza, na pweza atatoka usiku kupitia upenyo ambao hukuuona. Konokono wenye umbo la pia na madoa mazuri usiwashike hata kwa dakika moja, kwani baadhi yao wana mwiba wenye sumu inayoweza kumuua mtu.

Usinunue samaki aliyevuliwa kwa utupa, ile sumu ya mimea. Anaweza kuonekana mzima leo na akafa kesho kutwa, na kila shilingi unayompa mvuvi wa namna hiyo inaendelea kuua mwamba. Akina mama wanaotanda dagaa, yaani wanaowavua kwa kitambaa kwenye maji machache, mara nyingi huwa na samaki wadogo walio hai kwenye ndoo zao. Waombe wakutengee, na uwalipe vizuri.

Yule samaki wa rangi ya chungwa anayejificha ndani ya anemoni (mnyama wa mwambani mwenye minyiri inayowasha) yupo kwenye miamba yetu, nawe bila shaka umemtamani. Ataishi bila anemoni, lakini anemoni haitaishi bila taa kali, kwa hiyo hiyo iache baharini.

Binti Shangani, Mtwara

Nawashukuru sana, na nimeyaandika yote kwenye daftari. Mawe nimeyapata leo mchana, na nilipodondoshea ndimu yalichemka kama ulivyosema, mwalimu, mpaka mwanangu akaomba ajaribu kila jiwe. Nimebaki na maswali mawili. Umeme huku mtaani hukatika, na wakati mwingine hurudi baada ya saa nne au tano. Pia, maji yanapopungua kwa joto, je, ninaongeza maji ya bahari? Nyumbani tuna kisima, na pia tunakinga maji ya mvua.

Mzee wa Mikindani

Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa nimelala, na nilipoamka kwa ajili ya sala ya alfajiri nikamulika tangi kwa tochi. Samaki wote walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji, wakifungua na kufunga kwa kasi. Nilichukua kopo, nikawa ninachota maji na kuyamimina kutoka urefu wa mkono, kwa muda wa saa nzima, mpaka wakaanza kushuka. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na chumvi huipunguza zaidi. Nunua pampu ya hewa ya betri, ile wanayotumia wavuvi wa mshipi kuweka chambo hai, na uiweke juu ya tangi pamoja na betri za akiba. Ukiwa na samaki wawili badala ya wanane, tayari umejipatia saa kadhaa za usalama, na siku hiyo usiwape chakula. Siku za kawaida, uwape mara moja tu, dagaa au kamba aliyekatwakatwa laini, kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika mbili.

Kuhusu maji yanayopungua, kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukiongeza maji ya bahari kila siku, chumvi itapanda mpaka iwaue. Ongeza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na maji ya bahari yawe ya kubadilisha tu, lita 10 hadi 15 kila wiki. Maji ya mvua yanafaa kama bati si jipya na mvua ya kwanza ya msimu imekwisha kuosha paa. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima, pampu ikipuliza, ili klorini itoke. Ya kisima yapime kwanza kwa kile kipima chumvi, kwa sababu visima vya karibu na ufukwe vingi vina chumvi. Kikisoma 1.000 jawabu ni zuri, na kikizidi hapo yaache. Vyovyote iwavyo, yasipite kwenye bomba la shaba, maana shaba kidogo tu huwamaliza kaa wako. Siku ya kwanza chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye kioo, usawa wa maji, na kila asubuhi ongeza kwa kikombe mpaka hapo.