Bwawa letu la udongo limelowa chini ya tuta, tufanye nini?

KatibuMaji
Wadau, hamjambo. Niko kamati ya maji huku Rongai, Nakuru. Maji yetu ya bomba hutoka kwenye bwawa la udongo la miaka mingi, tuta lake mita 6 hivi. Tangu mvua zianze, chini ya tuta upande wa nje pamelowa, nyasi zimesitawi kuliko kwingine. Vijana nao wameziba njia ya maji ya ziada kwa magunia ya mchanga ili tuweke akiba ya kiangazi. Mwenyekiti asema bwawa liliandikwa daraja la hatari ndogo, tusitie watu hofu. Lakini enzi hizo bondeni kulikuwa na mahindi tu. Leo kuna nyumba na chekechea. Daraja hilo bado lina maana?

MpimaTuta
Halina, ndugu yangu. Daraja la hatari halipimi uzima wa tuta, linapima nani ataumia likipasuka. Tuta zuri kabisa lenye watu wanaolala chini yake ni la hatari kubwa. Bonde likibadilika, daraja lipimwe upya. Tena hilo "dogo" lenyewe lina walakini: kwa kanuni za maji za 2007, bwawa ambalo kina cha maji yake kilifika mita 5 lilikuwa limeshatoka daraja la hatari ndogo.

Magunia yaondolewe leo, si kesho. Maji yakipita juu ya tuta la udongo huling'oa kuanzia upande wa nje, na likishaanza kukatika hakuna jembe la kulizuia.

Kuhusu unyevu, chimbeni kijifereji maji yatoke mahali pamoja, mbali kidogo na tuta, msilichokoe lenyewe. Kingeni kwenye chupa ya kioo, muiache itulie. Maji yakiwa meupe na kasi ni ileile kila siku, endeleeni kupima na kuandika. Yakiwa na tope, au yakiongezeka na mvua hakuna, ujue udongo unaliwa kwa ndani. Hapo hamisheni watu kwanza.

Nyakinyua_Bahati
Mwanangu, usikubali kuambiwa unatia hofu. Sisi wa upande huu tunakumbuka bwawa lililopasuka Solai, usiku wa Mei 9, 2018. Watu 48 walikufa. Nenda chekechea uongee na mwalimu, mkubaliane watoto watakimbilia mlima upi.

Kiptoo_K
Na pesa ya mhandisi itoke wapi? Si tufungulie maji yote yaishe, tukate na miti iliyo juu ya tuta?

MpimaTuta
Kiptoo, polepole. Maji yakishushwa ghafla, udongo wa upande wa ndani bado umelowa na hauna tena kitu cha kuuegemea, huporomoka. Shusheni kidogo kidogo. Miti mikubwa msiikate kabla mhandisi hajaiona, mizizi ikioza huacha mianya ya maji. Vichaka na mashimo ya fuko ndivyo mnaweza kuanza navyo.

Pesa isiwazuie kuandika barua. Pelekeni kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, nakala kwa chifu, muombe ukaguzi na daraja jipya. Tieni picha za nyumba za bondeni.

KatibuMaji
Asanteni sana. Magunia yametolewa mchana huu, maji yanapita. Ya kwenye chupa ni meupe. Barua naandika usiku huu, na mwenyekiti amekubali kutia sahihi.

MpimaTuta
Vizuri. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kinga tena.